Inari mwishoni mwa Januari: shajara ya tamasha la filamu la Skábmagovat

Skábmagovat ni tamasha la filamu la Wasami, wenyeji asilia wa kaskazini ya Ulaya, na jamii nyingine asilia za dunia. Lilianza mwaka 1999, na hufanyika Inari, kaskazini ya mbali ya Ufini, kwa kawaida kuanzia Alhamisi hadi Jumapili mwishoni mwa Januari. Filamu nyingi huoneshwa ndani ya jengo la Sajos. Nyingine huoneshwa usiku nje, kwenye ukumbi uliojengwa kwa theluji katika uwanja wa makumbusho ya Siida. Tumepanga maelezo haya siku kwa siku ili anayekwenda mara ya kwanza, awe mtazamaji au mtengeneza filamu, ajue la kufanya na wakati wa kulifanya. Baridi imechukua nafasi kubwa humu kwa sababu asiyejiandaa nayo huondoka katikati ya filamu, na filamu ndizo zinazompeleka mtu Inari.

Kabla ya kufunga mzigo

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15. Ada ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifike walau yuro 30,000. Usingoje Desemba. Miadi ya kupeleka maombi hujaa kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, na siku za mapumziko hazisongezi faili. Barua ya mwaliko husaidia ikiwa filamu yako imekubaliwa. Mtazamaji wa kawaida ataonesha nafasi ya kulala iliyolipiwa na tiketi ya kurudi. Malazi yashughulikie mapema kuliko yote. Kijiji cha Inari kina wakazi mia kadhaa tu, vyumba ni vichache, na wageni wa tamasha hugombea vyumba hivyohivyo na watalii wa mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayoonekana angani usiku.

Jumatano: Helsinki hadi Inari

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Wengi hupitia Istanbul, Doha au Amsterdam. Saa za Ufini wakati wa baridi ziko nyuma ya za Afrika Mashariki kwa saa moja tu, kwa hiyo usingizi hausumbui sana. Kutoka Helsinki kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndege ya takriban saa moja na nusu hadi Ivalo, kisha barabara ya karibu kilomita 50 hadi Inari. Ya pili ni treni ya usiku kucha hadi Rovaniemi, kisha basi la takriban saa tano, kilomita zipatazo 325. Kwa vyovyote, angalia ratiba ya basi kabla ya kulipia ndege au treni. Mabasi ya kaskazini ni machache kwa siku, na anayefika baada ya la mwisho hulipa teksi ya bei kali au hulala Ivalo.

Nguo usinunue uwanja wa ndege. Helsinki ina maduka mengi ya mitumba, na huko koti zito, suruali ya theluji na buti hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Vazi la ndani kabisa liwe la sufu ya merino au kitambaa cha michezo, kamwe si pamba: pamba hunywa jasho, na jasho likipoa mwili huanza kutetemeka hata ukiwa na makoti matatu. Juu yake vaa sweta nene la sufu, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Buti ziwe kubwa kuliko mguu wako kwa namba moja au mbili. Watu hukosea hapa mara nyingi, wakavaa soksi tatu ndani ya kiatu cha saizi yao. Mguu unabanwa, damu haipiti, na vidole hufa ganzi ndani ya nusu saa. Soksi moja nyembamba na moja nene ya sufu, na nafasi ya kuchezesha vidole, hushinda soksi nne. Mikono ihifadhiwe kwa glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja, ukitanguliza glavu nyembamba ndani ili uweze kugusa simu bila kuacha ngozi wazi.

Mavazi mazito ya kukodi yapo kwa makampuni ya watalii pale Inari, ila uliza mapema kama saizi yako ipo.

Alhamisi: ufunguzi, na ukumbi wa theluji

Usiku mrefu wa majira ya baridi, ambapo jua halichomozi kabisa, huanza Inari mwanzoni mwa Desemba na kuisha kabla ya katikati ya Januari. Siku za tamasha jua huchomoza kama saa nne asubuhi na kuzama kama saa nane na nusu mchana, tena huning'inia chini kwenye upeo wa macho. Muislamu ajue kwamba adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana kwa karibu mno, zote ndani ya saa mbili na kidogo. Pakua ratiba ya sala ya mji wenyewe wa Inari kabla ya kuondoka, maana ya Helsinki haifai huku. Kuhusu chakula, nyama ya reindia, mnyama wa baridi anayefugwa na Wasami, ipo karibu kila mezani, ikiwa imekatwa vipande vyembamba na kuliwa na viazi vya kuponda na matunda madogo mekundu. Haichinjwi kwa utaratibu wa halali isipokuwa umeambiwa hivyo. Samaki wa ziwa Inari ni chaguo salama na tamu.

Jioni twende Siida, mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu kutoka Sajos. Siida ni makumbusho ya Wasami, yalifunguliwa upya mwaka 2022 baada ya ukarabati, na mwaka 2024 yakatwaa tuzo ya Makumbusho Bora ya Mwaka ya Ulaya. Uwanjani kwake ndipo ukumbi wa theluji unapojengwa. Ukumbi huu si mapambo ya kuwavutia watalii. Ni sinema kamili yenye mahitaji yake, na anayeonesha filamu humo anapaswa kuyajua.

Tuanze na theluji. Theluji iliyotoka kuanguka haishikani, hasa ikiwa kavu kwenye baridi kali. Hurushwa kwa mashine au kupigwa kwa koleo ndani ya kiunzi cha mbao, kwa sababu chembe zikivunjwa na kuchanganywa hugusana kwa karibu zaidi, kisha huachwa walau siku nzima zigande pamoja. Ukiondoa mbao mapema, ukuta unameguka kwenye kona. Uso wa skrini husawazishwa kwa ubao mrefu ulionyooka, na mashimo huzibwa kwa theluji iliyoloweshwa maji kidogo. Maji yakizidi, sehemu ile huwa barafu, na barafu humeremeta: kwenye picha utaona doa linalong'aa hata mhusika akisogea. Skrini nzuri ya theluji ni nyeupe isiyo na mng'ao, hutawanya mwanga kila upande, kwa hiyo anayekaa pembeni huona karibu sawa na wa katikati.

Mwanga unaohitajika hupigiwa hesabu. Sinema ya ndani hulenga mng'ao wa kandela 48 kwa mita ya mraba. Kwa skrini ya theluji yenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.4, ikirudisha asilimia 85 ya mwanga, unahitaji takriban lumeni 3,600 (lumeni ni kipimo cha mwanga wa projekta) zinazofika skrini kwenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la projekta haihesabu kinachopotea kwenye kioo cha kibanda inamokaa, kwenye lenzi na kwenye taa iliyozeeka, hivyo chukua projekta ya lumeni 6,000 au zaidi. Hata hivyo weusi hautakuwa mweusi. Mwezi, taa za kijijini na weupe wa theluji yenyewe huinua giza la picha. Filamu iliyopigwa gizani, nyuso zikionekana kwa shida hata ndani ya ukumbi, hupotea kabisa nje. Filamu yako ikiwa hivyo, omba ioneshwe Sajos.

Projekta nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 5 na 40. Nje inaweza kuwa -30. Rekodi ya Ufini, -51.5, ilipimwa Januari 1999 huko Pokka, wilaya jirani ya Kittilä. Kwa hiyo projekta hukaa kwenye kibanda kilichozibwa na kupashwa joto, ikitazama nje kupitia kioo. Hewa ya moto inayotoka kwenye projekta itolewe nyuma ya kibanda. Ikitokea mbele, mvuke wake huganda hewani papo hapo na kupita mbele ya mwanga kama moshi, na watu hudhani lenzi imechafuka. Mwali wa mwanga upite juu kabisa ya vichwa, kwani pumzi za watazamaji hufanya ukungu uleule. Chembe za theluji zikianguka karibu na lenzi huwa nukta kubwa nyeupe. Hilo halina dawa zaidi ya kusubiri au kuendelea. Nyaya za kawaida zenye ganda la plastiki hukakamaa na kupasuka zikikunjwa kwenye baridi kali, hivyo hutumika za mpira, na hutandazwa zikiwa bado na joto la ndani.

Sauti ina faida yake. Theluji hunyonya mwangwi, kwa hiyo mazungumzo husikika makavu na wazi, pengine kuliko ukumbi wa shule. Kinachoumia ni besi: mpira unaozunguka koni ya spika hukakamaa. Piga muziki wa sauti ya chini kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya filamu ili spika zilegee.

Mtazamaji naye akalie ngozi ya reindia au godoro dogo la povu, kamwe asikalie theluji moja kwa moja. Saa moja ya filamu fupi inavumilika vizuri. Zaidi ya hapo, amka kati ya filamu na filamu, kanyagakanyaga, kunywa kitu cha moto, lakini usipite mbele ya kibanda.

Ijumaa: Sajos, diski na herufi

Sajos lilifunguliwa mwaka 2012. Ndani yake kuna Bunge la Wasami wa Ufini, maktaba, na ukumbi mkubwa unaoitwa Dolla. Ni jambo zito kwamba filamu za jamii hizi huoneshwa katika jengo ambamo wenyewe huketi kuamua mambo yao. Tamasha limezoea kualika watengeneza filamu wa jamii asilia kutoka pande nyingine za dunia, na maswali baada ya filamu huwa mazuri kwa sababu anayeuliza naye mara nyingi ni mtengeneza filamu, mwalimu wa lugha au mfugaji.

Inari ni wilaya pekee ya Ufini yenye lugha rasmi nne: Kifini, Kisami cha Kaskazini, Kisami cha Inari na Kisami cha Skolt. Hizo mbili za mwisho zina wasemaji mia chache kila moja. Hata filamu ya dakika kumi kwa Kisami cha Inari ni kumbukumbu ya thamani ya lugha hiyo, na inastahili kutunzwa hivyo: nakala mbili kwenye diski tofauti, sehemu tofauti, na maandishi ya mazungumzo yaliyochapwa kando.

Hitilafu nyingi za siku hii hutokea kwenye maandishi ya chini ya skrini. Kisami cha Kaskazini kina herufi kama č, đ, ŋ, š, ŧ na ž. Cha Skolt kina nyingine tena, kama ǩ, ǧ na ʒ. Fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi kwenye kompyuta, isiyo nazo huonesha viboksi vitupu, au hukopa herufi kutoka fonti nyingine, na neno moja likawa na unene wa aina mbili. Hifadhi faili la maandishi kwa mfumo wa UTF-8, pachika fonti yenyewe ndani ya kifurushi cha filamu, kisha tazama filamu yote kwenye mashine ambayo haijawahi kuwekwa fonti hiyo. Kompyuta ya mhariri haifai kwa jaribio hili kwa sababu fonti imo tayari.

Mistari isizidi miwili, kila mmoja usipite herufi 40 hivi, na kasi isizidi herufi 17 kwa sekunde. Zikihitajika lugha mbili kwa pamoja, kila moja hupewa mstari mmoja, nayo tafsiri lazima ifupishwe. Mfupishe mtu anayeijua lugha ya filamu. Akifupisha asiyeijua, akitegemea Kiingereza peke yake, huondoa majina ya mahali, ya upepo na ya ukoo, ambayo ndiyo aghalabu yanayobeba maana.

Kwa Mogiek, Mmaasai au Mhadza anayetaka kuleta filamu, haya ndiyo ya kukagua. Kifurushi cha sinema, DCP, yaani faili za filamu zinazochezwa na mashine za kumbi za sinema, kwa kawaida huenda kwa fremu (picha) 24 kwa sekunde. Filamu iliyopigwa kwa 25 ikigeuzwa bila uangalifu hurefuka kwa asilimia 4 na sauti hushuka. Mkondo wa picha una kikomo cha megabiti 250 kwa sekunde, hivyo filamu ya dakika 90 inaweza kufika gigabaiti 169: usitegemee kuituma kwa intaneti ya hotelini. Diski ya DCP hupangwa kwa mfumo wa Linux, na ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows utaambiwa uiumbize upya. Ukikubali, filamu imefutika. Ikiwa filamu imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali, muda wa ufunguo uanze siku mbili kabla ya onesho, ukihesabiwa kwa saa za Ufini, maana jaribio hufanywa kabla na ufunguo usiofunguka hugundulika hapo. Pamoja na hayo, beba faili la kawaida la video la H.264 kwenye kifaa kidogo mfukoni. Hilo limeokoa maonesho mengi.

Jumamosi: mavazi, picha na ruhusa

Hii ndiyo siku yenye watu wengi zaidi, na wengi huvaa gákti, vazi la Kisami. Rangi, utepe na mikato yake hueleza mvaaji ametoka eneo gani na mara nyingi familia gani. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hata kama mtu amesimama mahali pa wazi. Usinunue kofia ya mfano wa Kisami ya dukani ukaivaa ukumbini. Wasami wamelalamika miaka mingi juu ya nakala hizo. Ukitaka kazi ya mikono, tafuta alama ya Sámi Duodji, inayothibitisha kuwa kifaa kimetengenezwa na Msami. Na kama unavyojua mfugaji wa kwetu asivyopenda kuulizwa ana ng'ombe wangapi, usimuulize Msami idadi ya reindia wake.

Ruhusa ni suala la filamu pia. Wimbo wa kijadi wa Kisami mara nyingi huwa wa mtu fulani: umetungwa kwa ajili yake, na huhesabiwa kuwa wake. Kuuweka chini ya picha bila idhini ni kosa hata kama aliyeuimba amelipwa. Mwaka 2019 kampuni ya Disney ilitia saini makubaliano na mabunge ya Wasami ya Norwe, Uswidi na Ufini pamoja na Baraza la Wasami kuhusu matumizi ya utamaduni wao kwenye katuni ya Frozen 2, na toleo la Kisami cha Kaskazini likatengenezwa. Kwa mtengeneza filamu mdogo hatua ni zilezile kwa ufupi: eleza filamu ni ya nini kabla ya kuwasha kamera, andika nani anaruhusu nini na kwa muda gani, rudisha nakala ya kwanza ikaguliwe na waliomo, na acha nafasi ya mtu kubadili mawazo kabla ya onesho la kwanza. Hatua ya tatu ndiyo huachwa zaidi, kwa kisingizio cha muda. Ipange kwenye kalenda tangu mwanzo, wiki mbili kwa uchache.

Anayepiga picha mwenyewe akumbuke betri. Kwenye -20 simu huweza kuzimika ikionesha nusu ya chaji. Weka betri za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili, uzibadilishane. Kabla ya kuingia ndani toa kadi ya kumbukumbu, kisha funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba, saa moja au mbili. Ukiingia nayo wazi, unyevu hutanda ndani ya lenzi. Ukitoka tena nje mara moja, unyevu huo huganda, na shata, kipande cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, hukwama.

Jumapili: mabaki ya ratiba

Siku nyepesi. Mchana, jua likiwepo, ingia Siida utazame maonesho kwa utulivu, kwani nusu ya yaliyozungumzwa kwenye filamu utayaelewa hapo: malisho, uvuvi, na Waskolti, yaani Wasami wa Skolt, waliohamishwa kutoka Petsamo, lililokuwa eneo la Ufini, baada ya eneo hilo kuchukuliwa na Umoja wa Kisovyeti mwaka 1944. Wanaotaka mawasiliano ya kazi wayamalize kabla ya jioni. Taasisi ya Kimataifa ya Filamu ya Wasami iko Kautokeino, Norwe, na idhaa ya Kisami ya shirika la utangazaji la Ufini, Yle, ina makao yake hapa Inari. Ukiwa na swali la ushirikiano, liandike aya moja, uambatanishe kiungo cha filamu chenye nywila iliyojaribiwa.

Jumatatu: kuondoka

Basi la asubuhi hujaa wageni wa tamasha, kwa hiyo tiketi ikatwe Jumamosi. Chukua diski yako mwenyewe kutoka kwa mafundi na usainie. Ibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya soksi ya sufu. Ikikaa nje kwenye baridi, iache ipate joto saa kadhaa kabla ya kuiwasha, kwa sababu umande kwenye diski inayozunguka huiharibu kabisa. Buti za kukodi zirudishwe zikiwa kavu: toa bitana ya ndani usiku uliotangulia na uitundike mbali na hita, maana joto la moja kwa moja huisinyaza na kampuni itakutoza.